Hedifoni za nusu-wazi kwa studio ya chumbani: namna ya kuzichagua, kuzipima na kuzizoea

Mkulima wa korosho huujua mzani mapema. Mzani unaopunguza nusu kilo kila siku haumsumbui sana. Akishaujua, anaongeza nusu kilo kichwani na hesabu yake inakaa. Unaomtia hasara ni ule wa leo hivi, kesho vile. Hedifoni ya kumiksia muziki, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, nayo ni mzani. Hakuna iliyonyooka kabisa, na kwa bei tunazozimudu sisi wa Mtwara na Lindi ndiyo kabisa. Unachotafuta ni hedifoni yenye kosa dogo, kosa lisilohamahama, kisha ukae nayo mpaka kosa lake ulijue kwa moyo.

Mimi nililijua hili nikiwa nimechelewa. Chumba changu cha kazi kipo Magomeni, Mtwara mjini: mita tatu kwa tatu, bati juu, feni moja. Kwa karibu miaka miwili nilimiksi kwa hedifoni zilizofungwa za kusikilizia muziki, zile zenye besi nene inayopendeza dukani. Nikarekodi kwaya moja ya vijana, nikaimiksi kwa siku tatu, nikawapa kwenye fleshi. Wakaipiga ukumbini Lindi siku ya Pasaka, nami nilikuwepo. Gitaa la besi halikusikika, dramu zinalia kama kopo. Hedifoni ilikuwa inaniongezea besi, na mimi usiku kucha nilikuwa naipunguza. Mwalimu wa kwaya hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kule mazoezini sauti nzito si tulikuwa tunaisikia?" Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye hedifoni za nusu-wazi.

Nusu-wazi ni zipi

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna spika ndogo. Inaposukuma hewa kuelekea sikioni, inasukuma nyingine kwa nyuma. Hedifoni zilizofungwa huizuia ile ya nyuma kwa ganda zima la plastiki. Hewa inabanwa, inagonga ganda na kurudi, na mara nyingi besi inavimba au sauti ya mwimbaji inakuwa kama inatoka mtungini. Hedifoni za wazi huiachia hewa yote ipite kwenye wavu. Sauti inatawanyika vizuri, unajisikia uko barazani wala si stoo, ila jirani anasikia unachosikia na wewe unamsikia jirani. Za nusu-wazi zinakaa katikati: ganda lipo, lakini lina matundu au nyufa zinazoruhusu sehemu ya hewa itoke.

Hakuna kipimo rasmi kinachosema matundu mangapi ndiyo nusu-wazi. Kila kiwanda hujipimia chenyewe. Ndiyo maana hedifoni mbili zenye neno hilo kwenye boksi zinaweza kuwa mbali kabisa kwa sauti, na neno lenyewe halitoshi kukutoa fedha mfukoni.

Kwa nini basi nazipendekeza hasa kwa chumba kama changu? Sababu ya kwanza ni chumba chenyewe. Besi ina mawimbi marefu. Katika chumba cha mita tatu, sauti ya karibu hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, inatosha kujikunja mara moja kati ya ukuta na ukuta. Inajirundika kwenye kuta na pembe, halafu katikati ya chumba inapotea. Na chumba chenye pande mbili sawa kinaongeza ubaya, kwa kuwa kosa lile lile linatokea pande zote mbili. Ukitumia spika ndogo humo ndani, unasikia besi moja ukiwa kwenye kiti na besi nyingine ukiegemea ukuta. Huo ndio mzani wa leo hivi, kesho vile. Hedifoni inakiondoa chumba kwenye hesabu.

Sababu ya pili ni joto. Mwezi wa kumi na mbili huku kwetu, ukizima feni ili urekodi, dakika ishirini za hedifoni zilizofungwa zinatosha kukulowesha masikio. Nusu-wazi zinapumua kidogo. Unaweza kukaa nazo saa nzima bila kuzitupa mezani, na anayekaa saa nzima na masikio yaliyotulia anafanya maamuzi mazuri kuliko anayekimbilia kumaliza.

Hasara zake nazo ni za kweli. Besi ya chini kabisa, chini ya hezi 50 hivi, nyingi huifikisha kwa udhaifu. Sauti inavuja nje. Na feni utaisikia. Mimi humiksi usiku feni ikiwa nambari moja na imegeuziwa ukutani, na mvua ikipiga bati naacha kazi, kwa sababu hapo hakuna hedifoni ya nusu-wazi itakayokusaidia.

Hatua ya kwanza: jiulize kazi yako ni ipi

Ukirekodi waimbaji zaidi ya unavyomiksi, nusu-wazi isiwe hedifoni yako ya kwanza. Mwimbaji akiivaa mbele ya maiki, biti na ile sauti ya kuhesabia mapigo vinavuja na kuingia kwenye rekodi, na baadaye hutavitoa. Kwa mwimbaji tafuta hedifoni iliyofungwa ya bei ndogo, hata isiyo na sauti nzuri. Kazi yake ni kumwongoza tu. Kama fedha inatosha moja peke yake na unafanya kazi zote mbili, nunua nusu-wazi, kisha wakati wa kurekodi punguza sauti mpaka mwimbaji aombe iongezwe, ondoa kengele za juu kwenye biti, na zima ile ya kuhesabia mara dramu zinapoingia.

Kama humiksi kabisa, unataka tu kusikiliza taarabu, kaswida au Bongo Fleva nyumbani jioni, nusu-wazi zitakufaa sana, mradi humkeri aliyelala jirani. Kwa safari ya basi la Dar es Salaam hazifai hata kidogo. Injini itameza kila kitu, utaongeza sauti, na masikio yako ndiyo yatakayolipa.

Zisizo na waya, za Bluetooth, ziache kwa kazi ya studio. Sauti yake inachelewa kidogo kufika, na ucheleweshaji huo mdogo unatosha kumharibia mpiga kinanda mapigo.

Hatua ya pili: soma namba zinazohusika, ruka zisizohusika

Kwenye boksi utakuta namba kubwa ya masafa: "15 mpaka 25,000 Hz", au "10 mpaka 30,000 Hz". Iruke. Sikio la binadamu mwenye afya linasikia takribani hezi 20 hadi 20,000, na kadiri umri unavyosogea ile ya juu inashuka. Tena namba hiyo haisemi sauti ya hezi 10 inatoka kwa nguvu gani. Inaweza kuwa dhaifu mno ukadhani haipo.

Namba za kushika ni mbili, nazo husomwa pamoja: ukinzani, unaoandikwa kwa alama ya Ω na kutamkwa omu, na kiasi cha sauti kwa miliwati moja ya umeme, kinachoandikwa kwa desibeli, yaani dB. Vijana wengi huangalia omu pekee. Wakiona 32 wanasema hii rahisi kusukuma, wakiona 250 wanasema hii inataka mashine kubwa. Hesabu haiko hivyo moja kwa moja, na hapa naomba uende nami taratibu kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Chukua AKG K240 Studio: omu 55, desibeli 91 kwa miliwati. Chukua Superlux HD681: omu 32, desibeli 98 kwa miliwati. Ukizipa zote volti moja, K240 inatoa takribani desibeli 104, na HD681 takribani 113. Tofauti ni desibeli 9, na sikio hulipokea ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokaribia kuwa maradufu. Sasa weka Beyerdynamic DT 880 ya omu 250, yenye desibeli 96: kwa volti ile ile inatoa kama 102. Yaani K240 yenye omu 55 na DT 880 yenye omu 250 zinakaribiana kwa ukubwa wa sauti, ingawa kwa omu peke yake ungezidhani mbingu na ardhi.

Maana yake kwako: ukiichomeka K240 kwenye simu au kompyuta ya zamani yenye nguvu ndogo, huenda ukaiona imepoa na kusema mbovu. Si mbovu, ina njaa. Ipe kadi ya sauti ya USB, kile kifaa kidogo cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, hata cha bei ya kawaida chenye tundu la hedifoni, utaona inavyoamka. Kama huna kadi ya sauti na hutainunua mwaka huu, HD681 au ndugu zake zitakutumikia vizuri zaidi kwenye simu na kompyuta tupu.

Hatua ya tatu: hedifoni za kuanzia

Sizitaji zote zilizopo duniani. Nataja zile ambazo fundi wa kipato chetu anaweza kuzifikia, na ambazo tabia zake zinajulikana.

AKG K240 Studio ndiyo ninayoitumia. AKG ilianzishwa Vienna, Austria, mwaka 1947, na K240 za kwanza ni za miaka ya 1970. Hii ya sasa ina gramu 240, waya wa mita 3 unaochomoka kwenye kikombe cha kushoto, na mkanda wa kichwa unaojirekebisha wenyewe. Sauti ya kati, yaani ya mwimbaji, gitaa na kinanda, ndiyo nguvu yake. Unasikia kabisa pale mwimbaji anapovuta pumzi. Besi ya chini kabisa inakosekana. Kwa miaka ya karibuni imekuwa ikiuzwa nje kwa takribani dola 50 hadi 80 kabla ya usafiri. Ukikuta imeandikwa imetengenezwa China usishtuke ukaiita feki, kwa sababu uzalishaji umehamia huko miaka mingi. Ila ukiletewa K240 kuukuu, soma maandishi ya kwenye kikombe. Za zamani nyingi ni za omu 600, na hizo simu haiziwezi.

Superlux HD681 ya Taiwan ni karibu nusu ya bei hiyo. Besi yake ni nzuri kwa fedha hiyo, ila trebo, yaani sauti za juu, inachoma, hasa kati ya hezi 8,000 na 10,000. Herufi "s" ya mwimbaji inakuja kama sindano. Waya wake hauchomoki. Ndugu yake, HD668B, ina omu 56, waya unaochomoka wenye kebo mbili za mita 1 na mita 3, na imetulia zaidi kidogo. Samson SR850 nayo ni ya ukoo huo huo kwa umbo na tabia, omu 32, pedi za kitambaa laini, trebo kali.

Beyerdynamic DT 880, inayotoka Heilbronn, Ujerumani, ni ya daraja jingine na bei yake ni mara mbili hadi tatu ya K240. Nimeitaja kwa sababu pedi na vipuri vyake hupatikana kwa miaka mingi, na mtu anayeishi kwa kazi hii anaweza kuifikiria. Kwa anayeanza sioni haja.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu mwenye kadi ya sauti, nasema K240 Studio. Kwa asiye na kadi, HD668B kama inapatikana, la sivyo HD681 pamoja na marekebisho nitakayoyaeleza huko mbele.

Hatua ya nne: ivae kabla hujaisikiliza

Pedi ziuzunguke mkunjo wote wa sikio, zisilikalie. Mwenye miwani aivae na miwani yake. Mkono wa miwani ukiinua pedi, besi inatoroka kwenye ule upenyo. Anayevaa kofia au hijabu vilevile aijaribu akiwa hivyo hivyo anavyofanya kazi, kwa sababu kitambaa kikiingia kati ya pedi na ngozi sauti inabadilika, na haina maana kupima kwa namna moja kisha ufanye kazi kwa namna nyingine. Dada mmoja anayerekodi kaswida kwangu huivaa juu ya mtandio mwepesi siku zote, na amezoea sauti ya hivyo. Ni sawa kabisa. La muhimu asibadilishe.

Kaa nayo dakika kumi na tano. Muuza duka atakukazia macho, mwombe radhi, uendelee kukaa. Hedifoni inayobana taya baada ya robo saa itakuumiza kichwa baada ya saa tatu.

Waya unaochomoka ni jambo la kulipia ziada. Kwenye studio ya chumbani waya hukanyagwa, huvutwa na watoto, hukatikia kwenye kichwa cha kuchomekea. Ukichomoka, unabadilisha waya. Usipochomoka, unamtafuta fundi redio auchomee upya, na wapo wazuri, ila unapoteza siku ya kazi.

Hatua ya tano: ipime kwa nyimbo unazozijua

Nenda dukani na fleshi au simu yenye nyimbo zako. Ziwe faili nzuri, WAV au MP3 ya kiwango cha juu. Wimbo uliobanwa mara tatu ili faili liwe dogo umeshapoteza nyama zake, hauwezi kukuonyesha tofauti ya hedifoni mbili.

Anza na sauti ya mtu anayezungumza, iliyorekodiwa kwa maiki moja. Isikike katikati ya kichwa, palepale puani. Ikielemea upande mmoja, geuza hedifoni kushoto kulia. Ikiwa kuelemea kumehama pamoja na hedifoni, basi kikombe kimoja ni dhaifu, irudishe. Ikibaki upande ule ule wa kichwa chako, tatizo lipo kwenye sikio au pedi haijakaa vizuri.

Halafu piga sauti ya mfululizo inayopanda kutoka hezi 20 hadi 200. Faili za namna hiyo zinapatikana bure mtandaoni. Sikiliza kama kuna mtetemo, mkwaruzo, kama nzi aliyenasa kwenye karatasi. Wakati mwingine ni unywele mmoja tu umegusa spika, unautoa na kazi imeisha. Mkwaruzo ukibaki, hedifoni ni mbovu hata kama muziki unasikika vizuri. Hapo hapo sikia ni wapi sauti inaanza kuwa na nguvu. Kwenye K240 utaona inapanda taratibu, na inasimama imara ikishapita 60 hivi.

Sasa weka ngoma. Kwangu kipimo kikubwa ni rekodi ya sindimba niliyoifanya mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo na najua ilivyolia uwanjani. Ngoma kubwa ina mambo mawili: kiganja kinapogusa ngozi, na mvumo unaofuata ndani ya mti. Hedifoni yenye besi ya kuvimba huufanya mvumo uufunike mguso. Hedifoni yenye trebo kali hukupa mguso mtupu, kavu. Hedifoni ya kweli inakupa vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na njuga za miguuni mwa wachezaji zinasikika juu yake bila kukuchoma. Kama huna rekodi ya ngoma, chukua dufu, chukua kayamba, chukua chochote ulichowahi kukisikia kwa masikio yako kikipigwa mita mbili mbele yako. Wimbo wa studio uliotengenezwa na wengine haukupi uhakika huo, kwa sababu hukuwepo.

Malizia na kwaya au kundi la sauti nyingi. Jaribu kumfuata mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, yule wa katikati ambaye hakuna anayemsikiliza. Ukiweza kumfuata ubeti mzima bila kukunja uso, umepata hedifoni ya kumiksia.

Mwisho, ichezeshe waya kwenye maungio yote muziki ukiwa unaendelea. Sauti ikikatika hata mara moja, omba nyingine.

Kununua ukiwa mbali na duka

Maduka ya mjini Mtwara na Lindi yana hedifoni nyingi, lakini za studio si za kukuta kila siku. Wengi wetu tunaagiza kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 500, na mzigo unakuja kwa basi. Hapo huwezi kuvaa wala kupima, basi weka mashariti kabla hujatuma fedha. Omba video ya boksi likifunguliwa, na maandishi ya kwenye kikombe yakisomeka. Omba achomeke kwenye simu na asikilize pande zote mbili ukiwa hewani naye. Kubalianeni kwa maandishi siku ngapi unaweza kurudisha, na nani atalipa nauli ya mzigo. Dai risiti ya mashine.

Kijana mmoja kutoka Masasi aliletewa boksi lenye jina kubwa, ndani mna hedifoni nyepesi kama kikapu kitupu, waya umegundishwa kwenye kikombe wakati ya aina hiyo huwa waya unachomoka. Hakuwa na risiti wala makubaliano. Tangu siku hiyo namwambia kila anayeniuliza: tafuta uzito na aina ya waya kwenye tovuti ya kiwanda, kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye mzani wa jikoni. Gramu 240 ni gramu 240.

Hatua ya sita: izoee, kabla hujaiamini

Watu huruka hatua hii, na bila hii yote ya juu ni bure. Wiki mbili za mwanzo usitoe kazi ya mteja kwa hedifoni mpya peke yake. Chagua nyimbo tano, za aina unayoifanya, zilizotengenezwa na mafundi unaowaheshimu na ambazo umezisikia zikilia vizuri ukumbini, kwenye gari, kwenye redio. Zipige kila siku kabla ya kuanza kazi, kwa sauti ile ile. Weka alama ya kalamu kwenye kitufe cha kadi ya sauti. Unapozilinganisha na miksi yako, zishushe mpaka zilingane nayo kwa ukubwa, kwa sababu nyimbo zilizokamilika zimepandishwa sana, na sikio huuona wimbo mkubwa kuwa ndio mzuri.

Kisha fungua daftari. Kila miksi ukiimaliza, ipeleke sehemu nne: spika ya simu, spika ya saluni au kinyozi, bajaji au gari, na spika kubwa ya ukumbi ukiweza. Andika neno moja moja: besi nyingi, besi haba, sauti imezama, "s" inachoma. Sehemu moja ikilalamika peke yake, hilo ni tatizo la spika ile. Sehemu tatu zikisema jambo moja, hilo ni kosa la mzani wako, na liandike ukurasa wa mbele kwa wino mwekundu. Baada ya miksi sita au saba utaona mwenendo. Daftari langu la K240 lilisema: besi ya chini naizidisha, mwangwi nauweka haba. Vyote viwili vina sababu. Besi ya chini siisikii vizuri, kwa hiyo nailisha kupita kiasi. Mwangwi kwenye hedifoni unasikika mpaka punje ya mwisho, kwa hiyo naona umetosha wakati ukumbini hautafika.

Kwa besi ya chini tumia macho. Kuna programu ya bure ya kuonyesha masafa, Voxengo SPAN, inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodia. Piga wimbo wa kipimo, uone mlima wa kiki ya dramu na wa gitaa la besi umesimama urefu gani kati ya hezi 40 na 100, kisha utazame wako. Sikio linatoa uamuzi, ila pale linapokosa habari, macho yanalisaidia.

Ukitaka kunyoosha kosa lenyewe, weka ikwalaiza, yaani kifaa cha kuinua na kushusha masafa, mwisho kabisa wa njia ya kusikilizia. Kwa K240, inua desibeli 3 hivi karibu na hezi 50. Kwa HD681, shusha desibeli 4 hadi 6 kati ya hezi 8,000 na 10,000; anza na kidogo, piga zile nyimbo tano, ongeza mpaka "s" iache kuchoma lakini isipotee. Ikwalaiza hiyo ni ya masikio yako, haimo kwenye wimbo. Izime kabla ya kutoa faili la mwisho. Bandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta ukihitaji, kwa sababu saa nane za usiku hukumbuki.

Jambo jingine ni kushoto na kulia. Kwenye spika, sikio la kulia linasikia pia spika ya kushoto. Kwenye hedifoni halisikii. Gitaa ulilolitupa kushoto kabisa linaonekana limekaa vizuri, kumbe nje limejitenga kama mgeni asiyekaribishwa. Lisogeze ndani kidogo, kisha ibane miksi yote iwe njia moja (mono), kushoto na kulia vitoe sauti ile ile, na usikilize kama kuna kitu kimetoweka. Huku kwetu spika nyingi za saluni, matangazo na hata sherehe hupiga njia moja tu. Kitu kikipotea hapo, kimepotea kwa wasikilizaji wako wengi.

Masikio na pedi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inavyopanda muda unapungua haraka. Nusu-wazi zinakupa njia rahisi ya kujipima bila mashine: mtu aliye mbali nawe kwa urefu wa mkono akikuita kwa sauti ya kawaida, umsikie. Usipomsikia, shusha. Kila dakika arobaini na tano toka nje dakika kumi. Ukirudi, utasikia mwenyewe ulichokuwa umekosea. Masikio yakivuma asubuhi, siku hiyo usimiksi.

Chumvi ya bahari na jasho ndio maadui wa hedifoni pwani. Futa pedi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Ihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne mvua zetu zinapokolea. Usiining'inize kwenye msumari ukutani. Ukuta unatoa unyevu. Pedi za ngozi bandia zikianza kumenyuka, agiza nyingine mapema, za umbo na kina kile kile. Ukiweka za kitambaa badala ya ngozi bandia, besi hupungua na trebo hubadilika, hata kama zinakaa vizuri zaidi kichwani. Siku unayobadilisha pedi, piga tena zile nyimbo tano na ufungue ukurasa mpya kwenye daftari, kwa sababu mzani umeguswa.